Mwanamke Aliyechimba Mchanga Kataboi

Cheka ukitaka, lakini usiniambie niliota. Nilikuwa macho, nimekaa mchangani Kataboi, samaki mkononi, jua ndiyo kwanza linazama.

Tulikuwa tumetoka Lodwar kupunga upepo ziwani, mimi na Ekai, mdogo wangu. Ekai ni fundi wa pikipiki, mikono yake haijui kukaa bure. Mama aliyetuuzia samaki alikuwa ametuonya, "Saa hii kasa wanatoka kutaga. Giza ikiingia musiwashe taa, musichimbe mchanga. Mukimaliza kula, mwende." Ekai akamtania kwamba kasa wa Kataboi wamejiajiria askari. Mama yule hakucheka.

Basi, giza likianza kuingia, tukiwa tunakung'uta nguo tuondoke, tukamwona mwanamke amepiga magoti karibu na maji, anachimba kwa mikono. Wewe ungefikiri nini? Maji ya ziwa letu yana magadi, na wanawake huchimba visima mchangani wapate ya kunywa. Kwetu humpiti mama anayechimba kisima. Unapiga magoti, unamsaidia. Ndivyo tulivyolelewa.

"Ejok, mama," Ekai akamsalimu. Akaendelea kuchimba. Nikaona shingo yake haina hata ushanga mmoja. Mama wa Kiturkana wa huko ziwani, shingo tupu? Nywele zikanisimama.

"Ekai, twende."

"Dada, wacha nisaidie huyu mama kidogo tu."

Akawasha taa ya simu, akaitumbukiza mikono shimoni. Niamini, nilisikia vitu vikipasuka. Akaitoa mikono, inachuruzika ute na maganda. Mayai! Mwanamke akageukia mwanga, machozi mazito yakimteremka, akasema polepole, "Nilikuwa nafunika. Sasa utafunika wewe."

Akaingia ziwani, na maji hayakutikisika hata kidogo. Pale alipopita hapakuwa na nyayo, ila alama pana ya kitu kilichojiburuza mpaka majini.

Tangu siku hiyo Ekai hana kazi nyingine. Jua likizama anashuka kwenye mchanga wa mto Turkwel, hapa kwetu Lodwar, anachimba shimo, analifukia, analipapasa taratibu, kisha anachimba jingine. Kucha zimekwisha. Mchungaji ameomba, mganga wetu, emuron, amechinja mbuzi, hospitalini wametoa vidonge. Wapi! Tukimfunga mikono kwa shuka, analia mpaka afunguliwe.

Nina hasira, sitaficha. Mdogo wangu ameadhibiwa kwa wema wake. Lakini kasa atajuaje wema? Yeye aliona taa na mikono tu. Mama wa samaki alitwambia, na masikio tulikuwa nayo.

Sitegemei tena kwamba atapona. Ila wewe unayepanga kwenda ziwani, zima taa, acha mchanga ulivyo, ondoka kabla ya giza. Ukimwona mama anachimba, mpite, hata kama ulilelewa vizuri.

Sasa niache niende. Jua linazama, na leo zamu ya kumfunga ni yangu.