Alhamisi Saa Nane

Walimbandika jina la Nusunusu mwaka wa kwanza, nalo likamganda. Alikuwa akisomea hisabati na historia katika shahada moja, jambo ambalo kitabu cha chuo kilisema linawezekana, ila hakikusema kwa miguu ya nani. Idara ya hisabati ilikuwa juu kilimani, ya historia chini karibu na geti. Kila siku alipanda na kushuka akihema, akaingia mhadhara umeshaanza, akajibanza kwenye kiti cha karibu na mlango. Juu walimwita mgeni, na chini vilevile.

Hisabati aliichukua kwa ajili ya mama yake, fundi cherehani aliyeamini kwamba mwenye hesabu hakosi kazi. Historia ilikuwa yake mwenyewe. Humo ndimo alimosahau kuchoka.

Mwaka wa mwisho yakamfika. Vipindi vya lazima vya idara zote mbili viliangukia Jumanne saa nne. Akaenda kumbembeleza mwalimu wa hisabati, akatimuliwa. Akaenda kwa mwalimu wa historia, mama mmoja asiyependa visingizio.

"Chagua pa kukaa, binti," akaambiwa.

Wiki nzima alipanda na kushuka na ombi lilelile, mpaka akachoka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Iwe ni huruma au ni kero, wote wawili walilegea. Mwalimu wa hisabati akahamisha kipindi chake kwa ajili yake. Mwalimu wa historia naye akahamisha chake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana idara hizo hazikuwa na mazoea hata ya kupigiana simu. Na kwa kuwa nafasi iliyobaki kwenye ratiba ilikuwa moja tu, wote waliidaka hiyohiyo: Alhamisi saa nane. Laiti wangemkatalia tu, angalau angepata wa kumlaumu.

Nusunusu alikaa kwenye ngazi akacheka peke yake, kisha kicheko kikamwishia. Akapanda tena kilimani. Chumba cha Jumanne kilikuwa kimeshachukuliwa na watu wa fizikia, na kingine hakuna. Akashuka.

"Mwalimu, samahani. Naomba turudi Jumanne."

Yule mama akavua miwani. "Wewe mtoto, unatuchezea?"

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Ulivyoomba tuhame, nikasema afadhali, Jumanne nitampeleka mama kliniki. Dada yangu amehangaika naye peke yake mwaka mzima. Nimeshamwambia apumzike. Sasa nikamwambie nini?"

Nusunusu hakuhitaji kuelezwa kuchoka ni nini.

"Basi, Mwalimu. Mwache apumzike."

"Na wewe je?"

"Mimi nitabaki kule juu."

Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Jioni alimpigia mama yake simu kumwambia ameacha historia, na mama akashusha pumzi. "Afadhali, mwanangu. Sasa na wewe utapumzika."

Alhamisi alifika saa nane kasorobo, hana pengine pa kukimbilia. Darasa lilikuwa tupu, viti vyote vinamngoja yeye. Akavitazama kidogo, kisha akaenda kuketi kwenye kile cha karibu na mlango.