Beseni la Kilioni

Katika mtaa wetu ulioitwa Kenya, katika mji wa Élisabethville, watu waliokuja kilioni walinawa katika beseni moja. Lilianzia kwa wazee, likapita kwa vijana, likaishia kwa watoto, ambao walichovya mikono katika maji yaliyokwisha kuwa ya kijivu. Kisha kila kundi lilitia mikono katika sahani moja ya bukari, ugali wa kwetu. Aliyeomba maji ya peke yake alionekana anawachukia wenzake.

Mimi nilikuwa nasafisha vioo vya hadubini katika hospitali ya wafanyakazi. Jioni nilijisomea kitabu cha Kifaransa, kamusi ikiwa magotini. Siku moja muuguzi alinipisha nichungulie. Kijidudu cha kuhara damu kilikuwa kinajivuta polepole, kama tone la mafuta lenye akili. Kitabu kilinifundisha yaliyobaki: kijidudu hicho hujifungia ndani ya ganda, hutoka na choo, hukaa majini, hushika mkono na kuingia mdomoni. Sabuni haikiui. Maji yanayotiririka hukiondoa mkononi, na moto hukimaliza.

Baba mkwe wangu alifariki kwa kuhara damu. Waliomuuguza na kumfulia mashuka waliketi nasi mkekani, na beseni likaletwa. Mwisho wa mstari, kati ya watoto, alikuwa binti yangu.

Niliinuka, nikachukua birika la maji yaliyochemshwa, yamekwisha kupoa. Nikaliweka beseni chini lipokee maji machafu tu, nikamwendea shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

“Muone munganga ya birika!” akasema. “Bofrere, shemeji, unatuona sisi bachafu?”

“Mi niko mukwe, niko natumika kwenu. Lete mikono.”

Akaificha kwapani. Wazee wakaanza kunung'unika, na mmoja akalivuta beseni kwake.

Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, kwa kuwa kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Alimsemesha mke wangu, kwa sauti ya kutusikilizisha sote:

“Ambia bwana yako alete maji huku. Na asidondoshe kidogo kidogo sawa dawa ya macho!”

Watu walicheka, ingawa tulikuwa kwenye kilio. Bila kugeuka, mjane yule alinyoosha mikono nyuma ya mgongo wake. Nikaimwagia nikiwa nimetazama ukutani, nikisikiliza maji yakianguka katika beseni.

Baada ya hapo nani angekataa? Mzee akaliachia beseni. Shemeji akatoa mikono: “Basi mwaga, munganga, nyama inapoa.” Birika lilijazwa tena na tena, na binti yangu akanawa kwa maji safi kama yale ya bibi yake.

Siwezi kuthibitisha kwamba maji yale yalimwokoa mtu. Najua tu kwamba hakuna aliyeugua kati ya waliokula pale. Na tangu siku ile, kila kilio cha ukoo ule, mama mkwe alituma mtu kwangu kabla bukari haijasongwa: “Muite mwenye birika.” Nilikwenda kila mara, na kazi ya birika ikawa yangu.