Sikio la Mvunja Fedha

Mvunja fedha wa soko la bandari ya Matrah hasemi neno mpaka riyali ya fedha iseme kwanza. Huigonga juu ya jiwe, akainamisha kichwa, macho kayafumba, na ikilia vyema huifuta kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Mwaka huu zimekuja riyali za karatasi, na mkono wake haujaacha mazoea: kila noti lazima aikung'ute sikioni.

Nami nilimpelekea riyali za fedha alizoniachia mama, ndizo pekee nilizotoka nazo Unguja kuja huku ng'ambo. Aliponihesabia karatasi, nikazikataa. "Zikiroa hizi, mie nna nini tena?" Alichukua noti ndogo katika zile zangu, akaitosa kwenye kikombe chake cha maji, akaikung'uta sikioni, bega likamroa, kisha akampa muuza samaki wa mlango wa pili. "Mpe bi mkubwa nguru."

Muuza samaki akaipangusa noti kwenye kikoi, akaitia kibindoni bila ya kuitazama mara mbili. "Kichwa nikitupe, bibi?"

Nikazikusanya karatasi zangu zilizosalia. "Thubutu!" nikamwambia. "Na kichwa nimekilipia."