Ufa Alioufuta

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Mama Pacha, kama walivyomwita kwenye ofisi ya kampuni ya mafuta tangu alipojifungua mapacha, ilikuwa kuchora nyufa za miamba iliyo kilomita tatu chini ya ardhi. Malori mazito yalitikisa ardhi, vipokezi vikanasa mwangwi, kompyuta ikaugeuza kuwa picha ya mistari. Mstari ulipokatika na kushuka ghafla, hapo mwamba ulikuwa umepasuka.

Aliyemfundisha kuisoma picha hiyo ni mzee wa idara, Mzee Nyufa. Vijana walipomtania, "Mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta!" alijibu, "Mimi sizibi, wanangu. Nachora tu."

Siku moja mzee alichora ufa mwembamba kati ya kisima cha nne na upande wa mashariki. Alisema mafuta ya huko yamejitenga, hayawezi kuvuka. Mkurugenzi hakuamini, alisema macho ya mzee yamechoka. Akamwambia Mama Pacha ahakiki. Mama Pacha aliitazama picha siku mbili, akaona ni kelele za vyombo vya kupimia tu. Akaufuta, akatia sahihi. Mzee akastaafishwa mapema, akaondoka bila kumuaga.

Miaka sita baadaye, Mama Pacha akiwa kiongozi wa kitengo, kisima kipya kilichimbwa mashariki. Kile cha nne kilikuwa kimenyonywa hadi presha ikaanguka. Hiki kipya presha yake haikuwa imepungua hata kidogo: mafuta yake hayakuwa yamevuka kwenda cha nne. Mama Pacha aliifungua picha ya zamani. Ufa ulikuwepo, umetulia palepale.

Jumamosi asubuhi alibisha hodi kwa mzee. Mke wake alimkaribisha ndani. Mzee alikuwa kitini, haoni tena.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua."

"Ule ufa upo. Nilikosea mimi."

Mzee aliuliza, "Kisima kimesema?"

"Kimesema. Presha za visima viwili zimepishana kwa kipimo cha baa themanini."

"Miaka sita," mzee alisema polepole, "nimekuwa nikijiuliza kama niliuona kweli au niliutamani tu."

Mama Pacha alilia, akaomba radhi.

"Hayo ya radhi tutayaongea, mwanangu. Kwanza niambie, ufa umeinamia wapi?"

Mama Pacha akamshika kiganja, akauchora ufa kwa kidole, ukiinama kuelekea magharibi.

"Mimi nilidhani umesimama wima zaidi," mzee akanong'ona.

Jumatatu Mama Pacha aliurudisha ufa kwenye ramani, akaandika jina la mzee kuwa ndiye aliyeuchora kwanza, na chini yake kwamba yeye ndiye aliyeufuta kimakosa.

"Ya nini kujianika?" mkurugenzi aliuliza.

"Niliufuta kwa sahihi, nitaurudisha kwa sahihi."

Mwezi huohuo aliondolewa uongozi wa kitengo. Hakukata rufaa. Alipeleka nakala ya ramani kwa mzee, na mkewe akamsomea maandishi yote. Alipofika kwenye jina la mumewe, mzee aliinua mkono.

"Hapo," alisema. "Rudia hapo."