Kajetani na Mbio za Kupakia

Kajetani wa Mshangano alikuwa mtu wa baiskeli tangu baiskeli hazijawa nyingi. Enzi za kununua kwa kibali cha serikali alingoja miaka minne kuipata ya kwanza. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Songea yakajaa baiskeli za Phoenix zilizofungwa karatasi, malori ya wafanyabiashara yakafuata mahindi mpaka mlangoni, na aliyevuna vizuri alitoka dukani akipiga kengele.

Hapo ndipo wanaume wa Mshangano walipoanza kutoka pamoja. Kila Jumapili ya kipupwe, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, baada ya misa ya kwanza, walishika barabara ya Madaba, watu kumi, kumi na watano, vidole vimekufa kwa baridi. Kajetani mbele. Hakuwa na mbio, alikuwa na mwendo. "Mfuate Kajetani, utafika," walisema.

Kila Agosti walishindana. Mwaka wa kwanza kila mtu alipanda peke yake, na wanawake wakatazama, mikono kiunoni. Aliyefungua mdomo ni Lidwina, mkewe Kajetani.

"Hivi, nani kati yenu hupanda peke yake siku ya kazi? Mnatupeleka shamba, mnatupeleka kliniki, mnatupeleka misani. Shindaneni kwa kazi mnayoijua."

Ikawa ndiyo kanuni. Kila mshindani apakie mtu mzima wa nyumbani kwake kwenye karia, aende mpaka darajani, ageuze, arudi. Watu wakaziita mbio za kupakia. Kajetani na Lidwina hawakushinda hata mara moja. Walishika nafasi ya tatu mara mbili, na mara zote mbili Lidwina alimfinya mbavu kilima kizima.

Kisha mwaka mmoja, mwezi wa tatu, Lidwina akafa.

Tangu maziko, Kajetani hakupanda tena. Baiskeli hakuiacha, aliisukuma. Kwenda shamba aliisukuma, kurudi aliisukuma. Binti yake Noela, aliyerudi kumtunza, alivumilia mpaka Juni.

"Baba, ina pancha?"

"Haina."

"Mnyororo?"

"Mzima."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

Safari za Jumapili nazo zikalegea. Walibaki watano, wakawa watatu. Bartholomeo, aliyekuwa akiandika majina ya washindani, akaja kukaa barazani.

"Kaka, bila wewe mbele, tunakimbizana tu. Kila mtu anarudi kwa wakati wake. Chama hiki kinakufa."

"Mbio nitaziandaa."

"Sijasema kuandaa. Nasema kupanda."

"Nitaziandaa," akasema Kajetani.

Na kweli aliziandaa. Alikwenda ofisi ya kata kuomba ruhusa. Alipima njia, akaomba chokaa ya kuchora mstari, akawasihi wenye mbuzi wawafunge siku hiyo. Yote kwa miguu, baiskeli ubavuni, kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani.

Tumsifu alikuwa akimwona anavyopita. Tumsifu ni Mbena wa Njombe, aliuza spoku na matairi karibu na soko, naye alikuwa katika msafara wa Jumapili. Wabena na Wangoni ni watani. Mtani wako akikutukana, unacheka. Nyumbani kwako kukiwa na msiba, mtani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya jeneza, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Siku ya kumzika Lidwina, Tumsifu alikuwa Njombe. Hakuwahi maziko.

"We Mngoni!" alipiga kelele kutoka dukani. "Babu zako walikuja kwa miguu toka kusini ya mbali. Wewe hujafika tu? Baiskeli hiyo ni mkongojo?"

"Uza spoku, Mbena," alijibu Kajetani, akapita.

Siku ya mbio watu walijaa. Kajetani alisimama kwenye mstari wa chokaa na kibendera mkononi. Mara kicheko kikaanza upande wa barabarani, kikasogea. Tumsifu alikuwa anakuja amejifunga kitenge cha Lidwina, kilemba chake kichwani, akiiga mwendo wa marehemu ule ule wa kutupa mguu wa kushoto. Noela, aliyempa nguo zile, alikuwa nyuma yake anafuta macho.

"Baba Noela!" akafoka Tumsifu kwa sauti ya Lidwina. "Unashika kitambaa na wenzio wanashika usukani? Nipakie!"

Bartholomeo akakuna kichwa. "Kanuni inataka mtu wa nyumbani."

"Na mimi ni nani leo? Nitazame vizuri!"

Bartholomeo alitazama. Akaandika, akasoma kwa nguvu: "Kajetani, na Mama Noela."

Kajetani aliona hana pa kwenda. Mtani hakataliwi. Akampa Noela kibendera, akapanda. Miguu ilikumbuka kazi yake.

Tumsifu hakufunga mdomo. "Kanyaga, mzee! Unapeleka mayai? Yule amekupita na mama mkwe wake!" Darajani waligeuza wakiwa wa nne. Mbavu zilimuuma Kajetani kwa kufinywa na kwa kucheka.

Kilima kikaanza. Katikati yake, nyuma kukawa kimya.

"Mtani?" aliita Kajetani.

Kimya.

Akakaza breki zote mbili, nusura waanguke. Baiskeli zikawapita, moja, mbili, tano.

"Umeona simba?" akauliza Tumsifu. "Tulikuwa wa nne!"

"Umenyamaza."

"Nimepumzisha mdomo. Hata redio huzimwa."

Kajetani alitazama lami. Jambo hili hakuwa amemwambia mtu, hata Noela.

"Ni hapa. Nilikuwa nampeleka hospitali alfajiri, nimemfunga mgongoni kwangu kwa kanga. Hapa alinyamaza. Nikadhani amesinzia. Nikaendelea kumsemesha mpaka getini."

Tumsifu alikuwa na haki ya kufanya mzaha. Hakuwa nao. Alikifunga upya kitenge.

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Habari za mahindi. Kwamba tukiuza vizuri, tutaezeka bati."

"Basi labda la bati alilisikia."

"Sijui."

"Na mimi sijui," akasema Tumsifu.

Wakasimama. Upepo wa kipupwe ulipita kwenye mabua makavu. Aliyekuwa wa mwisho naye akawapita, mkewe akiwapungia mkono.

"Panda," akasema Kajetani.

"Niseme?"

"Usiseme."

Wakamaliza kilima polepole. Karia ililia, mnyororo ukalia. Nyuma palikuwa na uzito tu, usio na neno, na Kajetani hakuita wala hakugeuka. Alikanyaga kwa mwendo wake.

Walipofika, mstari wa chokaa ulikuwa umekanyagwa na umefutika, na wanawake walikuwa wameshaanza kugawa togwa.

"Mmekwama wapi?" akauliza Bartholomeo.

Watu wakamgeukia Tumsifu, wakingoja kuvunjwa mbavu.

"Kilimani," akasema, akashuka.

Noela alileta kikombe cha togwa. Kajetani hakushuka kukipokea. Aliweka mguu mmoja chini, akanywea pale pale juu ya baiskeli.