Jumanne na Alhamisi Nisiwepo Nyumbani

Mwanangu aliponiambia amepata mtu wa kufua, niliendelea na kazi yangu. Nilikuwa nakamua shuka, na shuka ukiliachia katikati linarudi na maji yake yote. Nilimaliza, nikalitupa kwenye ndoo, ndipo nikamuuliza mimi nimekufa lini.

Hakucheka. Alisema daktari ameshakataza kiuno changu kuinamia beseni, na yeye alikuwepo wakati linasemwa, kwa hiyo nisijifanye sikusikia. Mama mmoja wa Magomeni atakuja Jumanne na Alhamisi, atafua, atapiga deki, atapiga pasi, saa nane ataondoka. Mimi nipumzike. Alilitamka neno hilo kama vile kupumzika ni kitu kiko kabatini, unafungua tu unakitoa.

Tunakaa Kariakoo, ghorofa ya nne, mimi na mwanangu na wajukuu wawili wanaosoma. Mkwe wangu ni dereva wa malori ya Zambia, nyumbani anapita kama mgeni. Mwanangu ana duka la vitenge mtaa wa tatu kutoka hapa, anatoka asubuhi anarudi Isha imeshaadhiniwa. Kwa hiyo nyumba ni yangu. Miaka kumi na moja nimeifulia, nimeipikia, nimeifagia. Sijisifu. Nasema ili ijulikane kiuno hiki hakikuharibika kwa kucheza ngoma.

Yule mama alikuja Jumanne. Mtu wa makamo, kajifunga khanga juu ya dera, vidole vimejikunja kwa sabuni ya miaka mingi. Alinipa shikamoo yangu akiwa bado mlangoni, akavua ndala, akauliza nguo ziko wapi. Adabu alikuwa nayo, hilo siwezi kumnyima.

Sasa niseme nililolifanya, maana ndilo lililoleta mengine yote.

Mimi nilifundwa, na katika niliyofundwa ni kwamba uchafu wa nyumba hauonwi na mtu wa nje. Nguo za ndani, shuka la mtoto aliyejikojolea, kitambaa cha jikoni chenye masizi, hizo ni siri za nyumba. Anayekufulia leo, kesho anafua kwa jirani, na mdomo anao. Basi Jumanne ile nilipomaliza kusali alfajiri, nikazifua nguo za ndani zote, nikazianika bafuni. Halafu nikayaona mashuka ya wajukuu, na yule mdogo bado ana mambo yake, nikasema nayo niyapitishe maji. Halafu taulo. Halafu sare za shule, kola zake nyeusi, mtu atasema watoto hawa hawana mwenyewe. Nikatazama na sakafu, nikaona aibu mgeni aikute hivyo, nikapiga deki. Mlango ulipogongwa saa mbili nilikuwa nimeegemea ukuta, kiuno kinawaka, na nyumba inang'aa.

Kitu kimoja tu sikukigusa, nguo za mkwe wangu. Mama mkwe hashiki suruali ya mkwewe. Hilo kwetu halina mjadala, hata ningekuwa na nguvu za punda. Siku zote mwanangu alizifua mwenyewe Jumapili. Mwezi ule lori lilikuwa gereji na mwenyewe alikuwepo, kwa hiyo zikabaki suruali zake na mashati yenye grisi, ndani ya beseni, peke yake.

Wiki ya kwanza yule mama hakusema kitu. Ya pili hakusema. Ya tatu alisimama juu ya lile beseni, mikono kiunoni, akalitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Bibi, samahani," akasema. "Nyumba hii anavaa nguo baba peke yake?"

Nikamwambia afue kilichopo. Akafua, na saa nne hana tena cha kushika. Nikampa chai na chapati, tukakaa jikoni, na ndivyo tulivyojuana. Alikuwa na watoto watatu na hakuna mtu wa kumsaidia kuwalea. Zamani alikuwa na nyumba nne za kufua huko Upanga, zikanunua mashine moja baada ya nyingine, sasa amebakiwa na sisi tu. Alisema mashine hainywi chai wala haiuguliwi na mtoto, nani ataiacha. Alilisema akicheka, mimi nikacheka naye. Na Alhamisi yake alfajiri nikainamia beseni kama kawaida.

Najua mtu atauliza akili zangu zilikuwa wapi. Hata mimi nimejiuliza. Kila nilipozikusanya zile nguo nilijiambia leo naondoa zile mbaya tu, nyingine namwachia. Lakini ukishaanza kuchagua uchafu, kila nguo unaiona ina siri yake.

Wiki ya nne lori lilipona. Mkwe wangu akaondoka na nguo zake. Jumanne yule mama alipokuja alilikuta beseni tupu, limeinamishwa kwenye ukuta. Alifuta madirisha yaliyokwishafutwa, akapiga pasi sare mbili, na saa nne tulikuwa kwenye chai. Ndipo mwanangu akaingia. Alikuwa amesahau kitabu cha risiti.

Alitutazama sisi, akatazama sufuria ya chai, akaenda barazani akaona kamba zimejaa nguo zilizokwishakauka. Alimwita yule mama mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile anayoitumia kwa mteja asiyetaka kumuuzia. Akamwambia kazi anaona imekuwa ndogo, asisumbuke kuja Alhamisi, akimhitaji atampigia. Akachukua kitabu chake akashuka.

Mimi nilikuwa jikoni, hatua sita kutoka pale. Nilisikia kila neno na sikufungua mdomo. Nimelea watoto watano nikiwachapa kwa kusema uongo, na siku ile nilinyamaza kama jiwe.

Yule mama alirudi kuchukua mkoba wake. Alijifunga khanga taratibu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Bibi, mimi nilikukosea nini? Huo uchafu unaonificha ndio unaowalisha wanangu."

Akavaa ndala zake akaenda.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Halafu nikajitanda khanga, nikashuka. Lifti ilikuwa imegoma, kwa hiyo nilishuka ngazi zote ubavuubavu, nimeshika ukuta. Kariakoo saa tano asubuhi si mahali pa mtu mwenye kiuno kibovu. Mikokoteni inapita na mabelo ya mitumba, vijana wanakupigia kelele upishe kana kwamba una mahali pa kupishia, wauza soksi wamepanga hadi kwenye mfereji. Sikuwa nimewahi kwenda dukani kwa mwanangu siku ya kazi. Aliponiona nimesimama kizingitini aliiacha mita aliyokuwa anapimia.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia hajafa mtu. Kulikuwa na mteja, mama wa Kikongo, amezungukwa na doti za vitenge zilizofunguliwa. Ningeweza kungoja aondoke. Lakini nilijijua, nikingoja nitapata sababu ya kurudi nyumbani. Nikasema palepale.

"Yule mama wa watu hana kosa. Nguo nazifua mimi kabla hajafika."

"Zote?"

"Isipokuwa za mumeo."

Mama wa Kikongo alikuwa wa kwanza kucheka. Mwanangu akafuata, akacheka mpaka akakaa kwenye mzigo, halafu kicheko kikakatika na nikaona anajifuta macho. Alisema alidhani ananipunguzia kazi, kumbe ameniongezea. Alisema kila jioni ananisikia nikiugulia kwenye kuinuka, akawa anajiambia dawa hazifai. Mtoto wako akikusema kwa haki mbele ya mteja, unatazama sakafu.

Alimpigia yule mama simu pale pale, akamwomba radhi, akamwambia aje Alhamisi. Kisha akanigeukia.

"Atarudi, Mama. Ila siku zake wewe usiwepo nyumbani."

"Niende wapi?"

"Utembee. Watu wanatembea."

Akaanza kuzitaja. Uvuke Magogoni uende Kigamboni ukakae ufukweni. Uende Bagamoyo ukaone magofu. Upande treni ya umeme uende Morogoro urudi siku hiyo hiyo. Uende Zanzibar kwa boti ukale urojo. Alitaja kama anavyotaja rangi za vitenge, na mama wa Kikongo akaongezea kwamba yeye akija Dar lazima aogelee.

Nilimsikiliza nikiwa nimechoka kabla hata sijaondoka. Maana mimi safari ninazozijua ni mbili, msiba na harusi. Zanzibar nimefika mara tatu, na mara zote tatu nilichokiona ni jiko la matanga. Tanga najua njia ya kutoka stendi hadi makaburini. Kutoka nyumbani bila mtu kufa wala kuolewa, sikujua hata uso unauweka vipi.

Alhamisi ile nilivuka kwenda Kigamboni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa makuti, nikaagiza soda na samaki, nikayatazama maji. Dada muuza samaki alinipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema ameniona nimekaa peke yangu na khanga nyeusi, akajua nimefiwa. Nikamwambia nafuliwa nguo. Alinitazama vile, akaniongezea ndimu kwenye samaki, akaondoka. Muda wote mikono yangu haikujua iwekwe wapi. Nilikunja leso, nikaikunjua. Nilifikiria kama amekumbuka kugeuza mashati ndani nje kabla ya kuanika.

Niliporudi nilikuta hakukumbuka. Mashuka yalibanwa katikati badala ya pembeni, na nguo zangu za ndani, zangu mimi, zilikuwa zinapepea barazani mbele ya Kariakoo nzima. Nilisimama nazitazama. Kisha nikaenda kulala, maana kweli nilikuwa sina nguvu ya kuzianua.

Tangu hapo nimetembea. Kwa wenye umri wangu waliobahatika kupata mtu wa kazi nina machache ya kuwaambia. Nendeni siku ya kazi, wikiendi kuna miziki. Bebeni maji na chai yenu. Bagamoyo sikuipenda, nilipelekwa kuangalia makaburi ya watu nisiowajua, na wangu ninao wa kutosha. Treni ya Morogoro ni nzuri, kiti chake hakinisumbui kiuno, nimefika chai ya chupa bado ya moto. Lakini msimwambie ndugu kwamba mnakuja. Mara ya kwanza nilimpigia binti wa marehemu dada yangu, nikajikuta nachambua mchele wa watu kumi mpaka saa ya treni kurudi. Mara ya pili sikumwambia mtu. Nilikaa karibu na stesheni, nikaitazama milima, nikala chungwa, nikarudi. Ilikuwa bora.

Kiuno kimepungua maumivu. Siwezi kukataa. Lakini nimechoka uchovu mwingine, wa mtu ambaye hata kupumzika kwake kumepangiwa siku.

Alhamisi iliyopita ilinyesha mvua tangu alfajiri. Mitaa ilijaa maji, mifereji ikatapika. Nikasema leo siendi popote, nitakaa chumbani kwangu na mlango nitaufunga. Yule mama alifika amelowa mpaka magotini. Alinipa shikamoo, nikaitikia. Akaona sijavaa baibui.

"Leo hutoki, Bibi?"

Nikamwambia mvua.

Alisema ndiyo, mvua kubwa. Lakini hakuvua ndala. Alibaki pale mlangoni, maji yanamchuruzika, macho yake yanaruka kwenda kwenye beseni na kurudi kwangu. Beseni lilikuwa limejaa, sikuwa nimeligusa, ningeweza kuapa. Hakuwa na haja ya kiapo changu. Alikuwa ameshafukuzwa mara moja kwa mikono hii.

Ningeweza kumwambia asiogope. Nilifungua mdomo, nikaona maneno ya mtu aliyenyamaza siku ile hayana uzito. Nikaingia ndani nikavaa baibui, nikachukua mwavuli na chupa ya chai. Nilipotoka alikuwa ameshavua ndala na ameshika sabuni.

Nilishuka ngazi za ghorofa zote nne. Chini maji yalikuwa yamefika kizingitini, hakuna pa kwenda. Nikakaa kwenye benchi la mlinzi. Mlinzi, mzee mwenzangu, akaniuliza kuna tatizo gani huko juu. Nikamwambia hakuna, nimetembea. Akasogea kunipisha, nikammiminia chai, tukakaa tukitazama mvua mpaka saa nane, saa ya yule mama kuondoka, na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi.