Picha Alizosomewa Bibi Elinipa

Naisula alikuwa akisomea upigaji picha katika chuo kimoja jijini Arusha, na tayari alikuwa na jina. Hakuna mwanafunzi aliyeujulia Mlima Meru kama yeye: ukiwa umejifunika wingu, ukiwa mwekundu jua likizama. Lakini watu walionekana wadogo kwenye picha zake, wamempa mgongo. Kumwelekezea mtu kamera usoni aliona haya, kama anayechungulia dirisha la jirani.

Mwalimu wake, Derick, ndiye aliyelipeleka darasa zima kwenye ukumbi mmoja mtaani Sekei kutazama maonyesho ya mama mmoja aitwaye Kaanaeli. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa akipiga picha za familia moja tu ya wakulima wa Kimeru, huko juu mlimani. Naisula aliingia ukumbini akitafuna karanga. Alipofika ukuta wa pili, karanga zilibaki mkononi.

Pichani alikuwa akimtazama bibi mmoja, Elinipa, ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake akichambua kahawa. Katika picha iliyofuata bibi ameinua ungo kuelekea kwenye mwanga. Kisha kigoda kimehamia nje, juani. Kisha mkono wa bibi uko ukutani, mahali ambapo udongo umelainika kwa kupapaswa. Katika ya mwisho anacheka uani, sikio amelielekeza kwa jogoo anayewika nyuma yake.

Naisula alirudi kwenye picha ya kwanza, akapita tena taratibu. Hapo ndipo alipong'amua. Bibi alikuwa akipofuka, picha baada ya picha, na hapakuwa na neno hata moja ukutani lililosema hivyo.

Wenzake walipoondoka, yeye alibaki. Kaanaeli akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hujaenda na wenzako?"

"Miguu imegoma. Mama, uliwezaje? Macho yake hujayapiga hata mara moja."

"Macho hayakuwa na la kusema. Mikono ndiyo iliyokuwa inasema." Kaanaeli akamtazama kidogo. "Jumamosi napanda kwake. Twende. Kamera yako iache nyumbani."

Jumamosi wakapanda, wakafuata mfereji wa maji katikati ya migomba na mibuni. Hawajafika mlangoni, sauti ikawapokea.

"Kaanaeli, umekuja na nani? Huyo anatembea kama anaogopa kukanyaga mayai."

"Shikamoo, bibi. Naitwa Naisula, natokea Olasiti."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni, loshoro ipo."

Walipokwisha kula mahindi yale ya maziwa mgando, Kaanaeli akatoa picha mpya, kubwa kubwa. Akamwekea bibi moja mapajani, akaanza kumsomea kama mtu anayesoma barua.

"Hapa umekaa nje, shali imeteleza begani. Umeinamisha kichwa. Una huzuni."

"Huzuni ya nini? Nilikuwa nasikilizia maziwa yasifurike jikoni!"

"Basi nimekosea," Kaanaeli akasema, akacheka.

Picha nyingine ilikuwa ya kanisani. Bibi Elinipa amejikwaa, mkwewe Tabea amemdaka kiunoni, na mwanga wa dirishani umewaangukia wote wawili. Naisula alisogea karibu. Hakuwahi kuona picha nzuri kama ile, si ukumbini, si vitabuni. Bibi alisomewa yote, akauliza:

"Watu wameshaiona?"

"Bado. Nimeanza kwako."

"Basi isitoke humu ndani."

"Haitatoka." Kaanaeli akaikunja mikono ya bibi juu ya ile picha. "Hii ni yako."

Hakubembeleza. Hakuguna. Naisula alimtazama kama mtu aliyeona mto ukisimama.

"Na huyu binti mbona kimya?" bibi akauliza. "Mpe kamera. Nipige, mwanangu, halafu uniambie umeona nini."

Naisula aliipokea kamera ya Kaanaeli. Akapiga. "Umependeza, bibi."

"Hiyo ni salamu. Nimeuliza umeona nini."

Naisula akaishusha kamera, akatazama upya, na safari hii hakuona haya. "Naona umeishika ile picha kwa mikono miwili, kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Nzi ametua gotini na humfukuzi. Nywele umesukwa mistari, na mstari mmoja umepinda."

"Tabea huyo! Nilimwambia umepinda, akanibishia!" Bibi akaangua kicheko, na kicheko kile Naisula alikidaka kwa kamera. Hakukumbuka hata kidole chake kilipobonyeza.

Tangu siku hiyo alianza kukaa na baba yake, Loserian, zizini na sebuleni, mara nyingi bila kamera. Alipozichapisha picha alizompiga, alimpelekea yeye kwanza. Moja aliificha chini kabisa: baba amelala kwenye kiti, joho la kwaya mwilini, mdomo wazi. Mzee akaifukua.

"Hii nitaitoa, baba. Samahani."

"Uitoe kwa nini?" Loserian akaishika kwa ncha za vidole, akaikodolea macho muda mrefu. "Kumbe nikilala nafanana na marehemu baba yangu. Hii ndiyo uitundike."

Ikatundikwa chuoni, kwenye maonyesho ya wanafunzi. Siku ya maonyesho mzee alifika na suti yake, akasimama kando ya picha hiyo mchana kutwa, na kila mgeni aliyekaribia alimweleza habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akisinzia vivyo hivyo akichunga ng'ombe. Naisula alisimama mbali, akasikia habari ambazo hakuwahi kusimuliwa nyumbani.